Tunauziwa Barafu kwa Bei ya Kamba

Mwenzangu mmoja idarani, msomi ninayemheshimu sana, alinikuta nikinakili uzito wa pakiti za kamba katika daftari langu la mihadhara. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa ugonjwa wake. "Daktari," akaniambia, "nchi ina mambo mazito, nawe umeingia jikoni?" Nilimjibu kwamba nimeingia jikoni kwa sababu hiyo hiyo. Kikao kilikuwa kinaanza, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumaliza jibu langu. Nalimalizia hapa.

Mwezi uliopita mama mkwe wangu alikuja Dodoma kututembelea. Ni mzaliwa wa Nyamisati, pale ambapo boti za kwenda Mafia hung'oa nanga na ambapo mto Rufiji unaanza kuchanganyika na bahari kupitia vijito visivyohesabika vya mikoko. Mke wangu alikuwa safarini kikazi. Kwa desturi zetu mkwe wa kiume hapishani na mama mkwe wake jikoni, basi nikakusudia kumpikia wakati amejipumzisha mchana, ili akiamka akute chakula cha kwao. Nikanunua pakiti ya kamba waliogandishwa. Imeandikwa kilo moja. Nikalipa shilingi 30,000.

Sasa nitaungama kosa langu, maana mhadhiri asiyeungama makosa yake hana haki ya kusahihisha ya wengine. Niliipasua pakiti na kumimina kamba ndani ya mafuta ya moto wakiwa bado na barafu yao. Mafuta yakalipuka, kisha yakanyamaza. Kikaangio kikajaa maji meupe yenye povu, na kamba wakaanza kuchemka ndani yake huku wakijikunja na kusinyaa mpaka wakawa kama pete za watoto. Kelele zile zikamwamsha mgeni wangu. Akasimama mlangoni, kwa stahi yake hakuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unachemsha nini?"

"Kamba, mama. Nilikuwa nawakaanga."

Akachungulia kutoka pale pale mlangoni. "Kamba hawa wamekunywa maji. Umenunua kilo ngapi?"

"Kilo moja."

"Hapo hapana kilo, mwanangu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha uchumi nilichosoma hadi kuipata shahada ya uzamivu. Alisema kwamba kwao, mnunuzi akija kuchukua kamba wa wavuvi, kwanza huwatikisa ndani ya tenga mpaka tone la mwisho lidondoke, ndipo awaweke kwenye mizani. Akiona maji, anakata bei. "Maji yale wanayotutikisia sisi," akasema, "kumbe ndiyo wanayokuja kuwauzia ninyi."

Mizani inayoegemea upande mmoja

Baada ya siku ile nilinunua mizani ndogo ya jikoni na pakiti nyingine tatu kutoka maduka matatu tofauti. Mbili kati ya hizo zilikuwa za wafungashaji wengine. Moja ilikuwa ya mfungashaji yule yule wa mwanzo.

Kwa haki naanza na utetezi wa barafu. Kamba anayegandishwa huzamishwa au hunyunyiziwa maji baridi ili apate ganda jembamba la barafu juu ya mwili wake. Ganda hilo lina kazi halali: linazuia nyama isikauke kwa ubaridi mkali na isigusane na hewa ikachacha. Barafu, kwa hiyo, ni koti la kamba, na mwenye busara hamnyang'anyi msafiri koti lake. Hila inaanza pale koti linapowekwa kwenye mizani pamoja na mwenye kulivaa, tena linaposhonwa nene kusudi.

Ipo pia njia ya kupima bila kumwonea muuzaji. Hairuhusiwi kuwaacha kamba wayeyuke kabisa ndipo wapimwe, kwa sababu maji ya mwili wao nayo yatatoka na muuzaji atakuwa na haki ya kulalamika. Unawaweka katika chujio, unawamwagia maji baridi taratibu mpaka ganda la nje liondoke, unawaacha wachuje kidogo huku ndani wakiwa bado wagumu, kisha unapima. Nilifanya hivyo. Pakiti ya kwanza, iliyoandikwa kilo moja, ilitoa gramu 940. Ya pili, gramu 810. Ya tatu, ya mfungashaji wa kisa changu, gramu 690.

Pakiti tatu si utafiti. Mwanafunzi wangu angeniletea sampuli ya namna hii ningemrudishia kwa wino mwekundu. Lakini pakiti tatu zinatosha kuthibitisha jambo moja: kwamba inawezekana kufungasha kwa uaminifu, maana yupo aliyekaribia, na kwamba asiye mwaminifu anakaa rafu moja naye, kwa bei ileile, bila mlaji kuwa na namna ya kuwatofautisha. Hesabu ya pakiti ya tatu ni nyepesi. Gramu 310 za barafu zimenigharimu shilingi 9,300, na kilo halisi ya kamba, ambayo nilidhani nainunua kwa 30,000, imenigharimu zaidi ya 43,000. Nilirudi dukani. Kijana wa zamu, mpole na mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Daktari, barafu nayo ni sehemu ya bidhaa."

Sentensi ile inastahili kutundikwa ukutani, kwa sababu si kweli, na haikupata kuwa kweli mahali popote ambapo watu walikaa wakaandika kanuni. Tume ya Codex, iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya mwaka 1963, na ambayo Tanzania ni mwanachama wake, ina kiwango mahususi cha kamba waliogandishwa tangu 1981. Kiwango hicho kinasema wazi kwamba pale kamba wanapovikwa barafu, uzito unaotangazwa kwenye pakiti lazima uwe uzito bila barafu hiyo. Basi kijana yule hakudanganya kwa nia mbaya. Alirudia tu falsafa ya soko tulilolizoea.

Falsafa hiyo ina ndugu yake shambani, na ndugu huyo anaitwa lumbesa. Mkulima wa viazi au vitunguu anajaza gunia, kisha anashonewa kilemba juu ya gunia, kisha analipwa bei ya gunia. Miaka nenda rudi tunapiga marufuku lumbesa na miaka nenda rudi inarudi. Wachache wamekaa wakagundua kwamba barafu ya kamba ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini. Anapouza mnyonge, kipimo kinazidishwa bila malipo; anaponunua mnyonge, kipimo kinapunguzwa bila punguzo la bei. Mvuvi wa Nyamisati anatikisiwa maji, mlaji wa Dodoma anaongezewa maji, na faida yote inabaki katikati. Wahenga walituambia mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Huyu aliye katikati anakula kwa urefu wa kamba zetu sote wawili.

Aliyeuliza alijibiwa

Mtasema: serikali haina uwezo wa kukagua kila pakiti. Hoja hii naifahamu, na historia yetu wenyewe inaikanusha.

Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulisitisha kuingiza samaki wabichi kutoka nchi za ukanda wetu kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukasitisha tena samaki wa Ziwa Victoria, safari hii kwa hofu ya mabaki ya sumu za kuulia wadudu. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilitikisika. Nini kilifuata? Kanuni ziliandikwa, maabara zikaimarishwa, wakaguzi wakafundishwa, mialo ikawekewa masharti, na milango ya Ulaya ikafunguka tena. Uwezo ambao hatukuwa nao tuliupata haraka, kwa sababu mlaji wa mbali aliuliza swali na kukataa kula mpaka ajibiwe.

Tokea hapo tuna nchi moja yenye samaki wa aina mbili. Yupo samaki anayesafiri, mwenye cheti, mwenye namba ya shehena, ambaye akipatikana na kasoro anaweza kufuatiliwa hadi boti iliyomvua. Na yupo samaki anayebaki, ambaye stakabadhi yake ni neno la muuzaji. Simlaumu Mzungu kwa kuuliza. Namsifu. Ninachouliza ni kwa nini sisi, wenye ufuo wa zaidi ya kilomita 1,400, hatujawahi kukataa kula mpaka tujibiwe.

Wapo wenzetu waliouliza, na inafaa wanafunzi wangu wawajue. Katika miaka ya 1990 ulikuja mpango wa kugeuza hekta zipatazo 10,000 katika delta ya Rufiji kuwa mabwawa makubwa ya kufugia kamba kwa ajili ya masoko ya nje. Baraza la mazingira la taifa lilishauri usikubaliwe. Mwaka 1997 serikali ikaukubali. Wakazi wa delta, wakulima wa mpunga na wavuvi, watu ambao wengi wao hawakuwa na shahada hata moja, walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Mradi ule haukutekelezwa. Mikoko ambayo ingekatwa ipo mpaka leo, na humo ndimo makinda ya kamba yanapolelewa kabla ya kurudi baharini. Anayedai kwamba wananchi wa kawaida hawawezi kuulizia kamba, aende kwanza akaiulize delta.

Wanaopanga hawapiki

Sasa nifike kwenye hoja ambayo mwenzangu aliikwepa kwa huruma yake. Kwa nini hatuulizi? Jibu langu ni chungu, nami nimo ndani yake. Hatuulizi kwa sababu wengi wa wanaopanga, wanaotunga, wanaokagua na wanaofundisha hawajawahi kuyeyusha pakiti ya kamba kwa mikono yao. Chakula huwafikia kikiwa kimeiva, katika sahani, baada ya mtu mwingine kuyaona maji na kunyamaza. Mwanamke aliyesimama jikoni anajua kwamba kilo haikutimia. Ameijua siku nyingi. Lakini ujuzi wake hatuuiti takwimu, wala hatuuiti ushahidi. Tunauita malalamiko ya wanawake, na mumewe akirudi kazini, huenda kazini kwenyewe ni ofisi ya vipimo, hakumbuki hata kuuliza chakula kilinunuliwaje.

Mimi nimefundisha sera ya umma kwa zaidi ya muongo mmoja. Nimekula kamba kwenye harusi, kwenye warsha na kwenye mahafali. Ilinibidi nimuaibikie mama mkwe ndipo nijue kwamba kuna jambo la kujua. Huo ndio uzito wa tatizo: ujinga wangu haukuwa wa bahati mbaya, ulikuwa ni upendeleo niliopewa kwa kuzaliwa mwanamume na kukuzwa na shahada. Kwa hiyo sitoi wito wa kisera bila kutoa kwanza somo la jikoni, na ninawaomba hasa wanaume wanaonisoma, watumishi wa umma mnaoishi peke yenu Dodoma huku familia zikiwa Dar es Salaam, msiliruke.

Kamba wasiyeyushwe juu ya meza. Katika joto letu sehemu ya nje inafika hali inayopendwa na vijidudu wakati ndani bado ni jiwe. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama, linaonya dhidi ya jambo hili hili, na linataja eneo la hatari kuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60. Wahamishe kamba kutoka sehemu ya kugandishia hadi sehemu ya kawaida ya jokofu usiku, uwapike kesho yake. Ukiwa na haraka, waweke ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, uuzamishe katika maji baridi, na ubadilishe maji kila nusu saa. Maji ya moto usiyatumie. Yanaanza kupika nje kabla ndani hakujalegea.

Wakishalegea, wachuje, kisha uwakaushe kwa kitambaa safi. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha kukaanga na kuchemsha. Kikaangio kiwe cha moto kweli, kamba wawe wachache kwa mara moja, na muda usizidi dakika mbili au tatu. Kamba aliyejikunja nusu duara na kugeuka rangi hadi katikati ameiva. Aliyefunga duara kamili amepita. Kama unapika wa nazi, anza na kitunguu, nyanya, tangawizi na tui jepesi, mchuzi ukolee kwanza. Tui zito na kamba viingie mwishoni, viive pamoja kwa dakika chache, ndimu ifuate ukishaepua. Kama walikuja na maganda, usiyatupe: yachemshe kwa robo saa, uchuje, na mchuzi wako utakuwa na ladha ya bahari ambayo hakuna kiungo cha pakiti kinachoweza kuiiga.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu la kugandishia ili kuangalia. Likiwa limejaa na mlango umefungwa, hushika ubaridi kwa takriban siku mbili. Likiwa nusu, siku moja. Pakiti ambayo kamba wake wameshikamana kuwa donge moja, yenye chembe kubwa za barafu pembeni, mara nyingi imeyeyuka na kugandishwa tena njiani. Iache dukani. Madoa meusi kichwani na miguuni si sumu, ni mabadiliko ya kawaida ya mwili wa kamba baada ya kufa. Harufu kali ya kuchoma pua ndiyo ya kukimbia.

Na yale maji meupe yenye povu? Mara nyingi hayo ni zaidi ya barafu ya nje. Kamba huweza kulowekwa katika myeyusho wa chumvi za fosfeti ili nyama ishike maji. Kwa kipimo kidogo ni jambo linaloruhusiwa na lina faida zake. Likizidishwa, ni njia ya pili ya kuuza maji, na hii hata chujio langu haliwezi kuikamata. Mama mkwe aliikamata kwa macho kutoka mlangoni.

Mambo matatu kwenye pakiti

Kutokana na hayo, madai yangu ni matatu, nayo yote yanaweza kuandikwa katika nafasi isiyozidi kidole gumba.

La kwanza ni uzito wa kamba bila barafu, kwa maandishi makubwa sawa na bei. Anayetaka kuweka barafu nene aweke, mradi atuambie kilicho chini yake.

La pili ni asili. Pakiti ya gramu 690 ilieleza mahali ilipofungashiwa tu. Haikusema kamba walivuliwa au walifugwa, wala wapi. Hili si swali la udadisi. Mwaka 2015 waandishi wa shirika la habari la Associated Press waliwafuatilia kamba waliomenywa na watu waliofungiwa na kulazimishwa kazi nchini Thailand, hadi wakawakuta katika maduka ya Marekani. Kazi yao juu ya utumwa katika biashara ya mazao ya bahari ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na zaidi ya watu 2,000 waliachiwa huru. Waliweza kufuatilia kwa sababu kulikuwa na nyaraka za kufuatilia. Pakiti isiyosema ilikotoka inamficha mtumwa na inamficha pia mvuvi wetu halali.

Inauficha na mto. Jokofu langu hapa Dodoma linalishwa na gridi ya taifa, na tangu 2024 sehemu kubwa ya umeme wa gridi hiyo inatoka Rufiji, katika bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kamba wa delta hutegemea maji baridi na rutuba ambayo mto huohuo huishusha kila msimu hadi kwenye mikoko. Mto mmoja unamlea kamba chini na kumgandisha juu. Sipingi bwawa, nauandika waraka huu kwa umeme wake. Lakini mlaji anayejua kwamba kamba wake ni wa Rufiji atakuwa na sababu ya kuuliza maji kiasi gani yanafika delta na kwa msimu gani. Asiyejua hataona kwamba swali hilo linamhusu.

La tatu ni tarehe ya kugandishwa na dawa zilizotumika. Ili kuzuia yale madoa meusi, kamba hutiwa salfaiti. Codex inaruhusu hadi miligramu 100 kwa kila kilo ya nyama mbichi. Kwa wengi wetu hakuna dhara. Kwa baadhi ya wenye pumu, salfaiti inaweza kuamsha ugonjwa. Mzazi wa mtoto mwenye pumu ana haki ya kusoma kabla ya kununua, si kukisia akiwa hospitali.

Nani atekeleze? Hapa watumishi wa umma wanaonisoma wanisaidie. Uzito ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Usalama wa chakula, tangu 2019, uko kwa Shirika la Viwango. Samaki na mazao yake wana wizara yao. Haki ya mlaji iko kwa Tume ya Ushindani. Sisemi kwamba ofisi hizi zimelala. Humo wamo vijana niliowafundisha, na najua wanavyofanya kazi. Nasema pakiti moja inapita katika milango minne, na kila mlango unaweza kudhani, kwa nia njema kabisa, kwamba swali limekwisha kuulizwa mlango wa jirani. Waraka mmoja wa pamoja wa kurasa mbili ungetosha kumaliza dhana hiyo.

"Hicho ni chakula cha matajiri"

Najua pingamizi lililobaki, na wanaharakati wenzangu watalitoa kwa sauti kubwa: wananchi wanahangaika na bei ya maharage, nawe unalilia kamba?

Nawajibu kwa mambo mawili. Kwanza, mwenye kamba si mimi ninayemla. Mwenye kamba ni yule anayesukuma mtumbwi kabla ya alfajiri, na mke wake anayeanika uduvi juu ya mkeka. Kila gramu ya maji ninayouziwa mimi kwa bei ya kamba ni gramu ambayo mfanyabiashara hakulazimika kumlipa yeye. Uaminifu wa mizani ya Dodoma unaongeza thamani ya kazi ya Nyamisati. Pili, mkono unaoongeza barafu kwa mwenye 30,000 hauwi na huruma kwa mwenye 3,000. Kuku wa kugandishwa naye anaweza kuvishwa maji, vivyo hivyo minofu ya sato. Tofauti ni kwamba mwenye 30,000 ana mizani, ana muda, ana mahali pa kuandika. Akinyamaza yeye, nani atasema?

Kwa hiyo nawagawia kazi. Wanafunzi wa takwimu na wa sayansi ya chakula: chukueni sampuli inayostahili, miji mitano, wafungashaji wote mtakaowapata, kwa njia ya chujio niliyoieleza, na mniletee matokeo nami nitayasimamia bila kudai jina langu litangulie. Wanaharakati: nunueni mizani moja kwa kila mtaa, bei yake haifiki ya fulana mnazochapisha kwa maandamano. Watumishi: anzeni na jikoni kwenu, mwisho wa juma huu, ninyi wenyewe, si dada wa kazi.

Mama mkwe alirudi kwao baada ya siku tisa. Kabla ya kuondoka alinisimamia kutoka mlangoni pale pale nikapika kwa mara ya pili, kamba wameyeyushwa usiku, wamekaushwa, tui zito likaingia mwishoni. Alikula, akashukuru, akasema wamejitahidi kufanana na kamba. Kisha akaniuliza kama kwenye chuo chetu lipo somo la mizani. Nilimwambia lipo la uchumi.

"Hilo silo nililokuuliza, mwanangu," akasema.

Mwenye mizani na apime. Namngoja.